Nani Alisalitiwa na Mke wa Luanda Magere?

Kama ulisoma shule ya upili Kenya chini ya 8-4-4, kuna muundo wa jibu ambao bado umekukaa kichwani. Swali linauliza sifa za mhusika. Unaandika kivumishi, unaweka koma, kisha unaandika "kwa mfano". Jasiri, kwa mfano aliwakabili maadui wengi peke yake. Mpuuza ushauri, kwa mfano alikataa onyo la wazee. Msaliti, kwa mfano alitoa siri ya mumewe. Alama mbili, alama mbili, alama mbili. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, ina alama 80, na mwenye kupanga vivumishi vyake vizuri hutoka mle ndani akitabasamu.

Sina ubaya na vivumishi. Ninachokataa ni ile dhana kwamba sifa inakaa ndani ya mhusika kama kokwa ndani ya embe, ati kazi yetu wasomaji ni kupasua tu na kuitoa. Kivumishi kina mwenyewe. Kuna mtu alisimama mahali, akamtazama mhusika kutoka hapo, akatamka neno. Mtu mwingine akisimama ng'ambo ya mto ataona mengine. Miongozo yetu haiulizi aliyetamka neno alikuwa amesimama wapi, na mtihani hautoi alama kwa kuuliza.

Mimi sina mtihani tena. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo naweza kukaa na swali moja bila kuangalia saa. Swali langu ni hili: yule mke wa Luanda Magere aliyetoka Lang'o, tunamwita msaliti. Alimsaliti nani?

Kwa ambaye hakukulia karibu na hadithi hii, nitaieleza kwa ufupi. Luanda Magere alikuwa shujaa wa Wajaluo wa Kano, zile tambarare zilizo mashariki ya Kisumu. Mwili wake ulikuwa kama jiwe. Mkuki ukimgonga, unarudi. Maadui wake walikuwa Lang'o, jina ambalo Wajaluo waliwaita majirani wao wa upande wa milima, hasa Wanandi na Wakipsigis. Walikuja wakashindwa, wakaja tena wakashindwa. Mwishowe wazee wa Lang'o wakamtoa msichana mrembo awe mke wa Luanda, ishara ya amani. Wazee wa Kano wakamwonya Luanda asimchukue. Akamchukua.

Siku moja Luanda akaugua na mke wake mkubwa hakuwepo. Akamwambia huyu mgeni achukue kisu, amchanje, apake dawa kwenye chale. Kisu kikakataa kuingia. Ndipo Luanda akamwambia achanje kivuli chake. Akachanja, damu ikatoka kivulini. Baadaye mke akatoroka usiku, akarudi kwao na habari hiyo. Vita viliporudi, mkuki ulitupwa kwenye kivuli. Shujaa akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe hilo linaonyeshwa huko Kano hadi leo, na husemwa kwamba wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao juu yake ili wapate bahati.

Masimulizi yanatofautiana hapa na pale, kila bibi na lake, lakini mifupa ni hiyo. Imeingia hata kwenye tamthilia: kabla ya Okiya Omtatah kujulikana kwa kesi zake mahakamani, aliandika mchezo wa Kiingereza kuhusu Luanda Magere, ukachapishwa mwaka 1991. Na ukifungua kitabu cha shule kwenye sehemu ya mighani, Luanda yupo karibu na Fumo Liyongo, wote wawili wakiitwa majagina. Chini yao kuna orodha ya sifa za jagina, na mojawapo huwa hii: huangamia kwa kusalitiwa na mtu wa karibu, mara nyingi mwanamke.

Hebu tuanzie hapo kwenye neno kusaliti. Msaliti ni mtu anayewageuka watu wake. Si kila anayekuumiza ni msaliti; mwingine ni adui tu. Mwizi anayevunja mlango wako usiku hajakusaliti. Askari wa jeshi lingine akikupiga risasi hajakusaliti. Ili usaliti uwepo, lazima kwanza pawe na deni la uaminifu. Sasa msichana huyu alikuwa na deni gani kwa Kano?

Angalia hadithi yenyewe inatuambia nini kumhusu. Inatuambia alikuwa mrembo. Inatuambia alitolewa. Hakuna mahali anaulizwa kama anataka. Na inatuambia, bila kusita, kwamba watu wake walikuwa wameuawa kwa wingi na huyu huyu mwanamume anayepelekwa kulala naye. Hiyo ndiyo sababu nzima ya yeye kupelekwa. Kama watu wa Lang'o hawangekuwa wanakufa, hakungekuwa na harusi. Hadithi inahesabu maiti za Lang'o kama pointi za ushujaa wa Luanda, kisha inashangaa kwamba binti wa Lang'o hakuzisahau.

Wanaosoma Biblia wameshakutana na fumbo hili hili bila kuliona. Katika Waamuzi 16, Delila anatafuta siri ya nguvu za Samsoni, anawapa Wafilisti, na jina lake limekuwa tusi mpaka leo. Lakini rudi nyuma kidogo, Waamuzi 4. Yaeli anamkaribisha Sisera hemani, anamfunika, anampa maziwa, anangoja alale, kisha anampigilia kigingi cha hema kichwani. Sura inayofuata inamwimbia sifa. Wakatoliki wana Yudithi pia, aliyejipamba, akaingia kambini kwa Holoferne, akamlewesha na kumkata kichwa. Kuna mabinti wengi wanabatizwa Yudithi. Sijawahi kukutana na aliyebatizwa Delila.

Kuna tofauti, nakubali. Delila alilipwa, kila mkuu wa Wafilisti aliahidi kumpa vipande 1,100 vya fedha. Lakini mke wa Luanda hakulipwa chochote ambacho hadithi inakitaja. Kwa kitendo chake yuko karibu zaidi na Yudithi kuliko Delila: mwanamke wa upande unaoshindwa, anaingia nyumbani kwa shujaa wa upande unaoshinda, anatoka na kitu kitakachomaliza vita. Kama mighani hii ingesimuliwa milimani na wenyewe, angekuwa jagina. Orodha ya sifa zake ingeanza na jasiri, kwa mfano aliishi peke yake kwa adui. Ingeendelea na mzalendo, kwa mfano alitoroka usiku akihatarisha maisha ili kuwaokoa watu wake. Alama mbili, alama mbili.

Lakini kugeuza tu upande ni kazi rahisi, na nikiishia hapo nitakuwa nimebadilisha kivumishi kimoja kwa kingine. Kuna kitu kwenye hadithi ambacho hakimfai msaliti wala hakimfai mzalendo, na wachambuzi wa miongozo hukiruka. Alimtibu.

Soma tena pale kwenye ugonjwa. Luanda amelala hoi. Mke mkubwa hayupo. Jasusi aliyetumwa kummaliza angehitaji nini zaidi ya hapo? Angeacha tu ugonjwa ufanye kazi yake. Angechelewesha dawa. Angesema kisu kimekataa, basi, tungoje mwenye nyumba arudi. Yeye alishika kisu, akajaribu, kikakataa, akauliza afanye nini, akachanja pale alipoambiwa, akapaka dawa. Kwa masimulizi mengi Luanda anapona baada ya hapo, na ndiyo maana anaweza kwenda vitani tena. Yaani nguvu alizokuwa nazo siku ya kufa kwake zilirudishwa na mikono ya huyu tunayemwita muuaji.

Kwa hivyo tunaye mwanamke aliyemponya mumewe na kisha akapeleka siri yake kwao. Hayo mawili hayaingii kwenye kivumishi kimoja. Huenda alimpenda kidogo. Huenda aliona damu ikitoka kivulini akaogopa, akakimbilia mahali pekee alipopajua. Huenda alikaa na ile siri siku kadhaa, akisikia wanaume wakipanga uvamizi mwingine wa kwao, mpaka ikamshinda. Hadithi haisemi, na mimi sitaijazia. Ninachosema ni kwamba usiku ule kati ya dawa na kutoroka ndio moyo wa mighani hii, na neno "msaliti" limewekwa pale kama kifuniko.

Na Luanda mwenyewe? Mwongozo utamwita mpuuza ushauri. Sawa. Lakini tazama ni wakati gani anafungua mdomo. Hakuna aliyembembeleza kama Samsoni, hakuna aliyemuuliza mara tatu. Ni mgonjwa, na mtu pekee aliye kando yake ni huyu mke wa kigeni. Anampa siri kwa sababu anahitaji msaada wake. Katika hadithi nzima ya mikuki na maiti, hapo ndipo mahali pekee anapomtendea kama mke, wala si kama nyara. Na hapo ndipo anapojeruhiwa kwa mara ya kwanza. Ukiniuliza dhamira ya hadithi hii, sitasema "tusioe wageni". Nitasema ni hadithi ya vita vilivyoharibu kila kitu hadi imani ya kawaida kati ya watu wawili chumbani ikawa silaha. Wazee wa pande zote mbili walimtumia msichana kama karatasi ya mkataba, kisha ilipochanika wakailaumu karatasi.

Ili uone kwamba hadithi zetu zinajua kufanya tofauti, njoo huku kusini, Gwassi, kaunti ya Homa Bay, kwa Nyamgondho mwana wa Ombare. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini. Siku moja akanasa mwanamke mzee, mwenye jicho moja. Akampeleka nyumbani, akamfanya mke, na ng'ombe wakajaa boma. Utajiri ukampanda kichwani. Usiku mmoja akarudi kutoka kwenye pombe, akakuta amefungiwa, akamtukana yule mzee, akimkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke akaondoka kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata mpaka majini. Nyamgondho akabaki ufuoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Wenyeji wa Nyandiwa watakuonyesha mahali.

Weka wanawake hao wawili kando kwa kando. Wote wametoka nje. Wote wameolewa na mwanamume wa huku. Wote wanaondoka, na kuondoka kwao kunamwangamiza mume hadi anageuka kitu kisichosema, mti au jiwe. Lakini hakuna mwanafunzi anayeandika kwamba mke wa Nyamgondho ni msaliti. Kwa nini? Kwa sababu tulisikia tusi. Msimulizi alituweka mlangoni usiku ule, tukasikia maneno, na asubuhi alipoondoka tukasema, haki yake. Kwa mke wa Luanda hatukuwekwa popote. Hatukuonyeshwa kwao, hatukuonyeshwa waliokufa wakiwa na majina, hatukusikia alivyoitwa jikoni na wake wenzake. Msimulizi alimpa mmoja sababu, mwingine akamnyima, na sisi tukaigeuza nafasi ile tupu kuwa tabia.

Pwani nako kuna kipimo kingine. Fumo Liyongo, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913, naye alikuwa haingiliki kwa silaha, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Aliyemuua ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mtawala. Huyo ndiye msaliti kamili. Ni damu yake, amelelewa naye, amenunuliwa, na ile ndoa hakuipata. Lakini orodha ya darasani inamweka mwana wa Liyongo na mke wa Luanda kwenye mstari mmoja, "husalitiwa na mtu wa karibu", kana kwamba mtoto aliyeuza baba na msichana aliyetolewa kwa muuaji wa ndugu zake wamefanya kosa moja. Orodha ikishindwa kutofautisha hao wawili, haijachambua chochote.

Wapo walioona hili kitambo. Grace Ogot, katika hadithi yake "The Rain Came" iliyomo kwenye Land Without Thunder ya 1968, alichukua simulizi ya aina hiyo hiyo: msichana anayetolewa kwa faida ya jamii. Mvua imekataa, na Oganda, binti wa mtemi Labong'o, anapaswa kupelekwa ziwani. Alichofanya Ogot ni kitu kidogo. Alimpa jina, akatembea naye njiani, akatuacha tusikie hofu yake wakati kijiji kinamshangilia. Basi huwezi tena kumwandikia kivumishi kimoja. Osinda anapomfuata na kutoroka naye, na mvua inanyesha vilevile, msomaji hawezi kusema Oganda aliwasaliti watu wake, ingawa ukifuata hesabu ya wazee ndivyo alivyofanya.

Kuna mtu wa kwetu ataniambia, wewe, huyu mwanamke ana jina. Anaitwa nyar Lang'o, binti wa Lang'o, vile mamako anaitwa nyar Gem au nyar Kano. Ni kweli, hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita mke: kwa mahali alipotoka. Ni jina la heshima kabisa. Lakini halibaki peke yake. Akizaa anakuwa min fulani, mama wa fulani, na siku zinavyosonga hilo la pili linamshika na kumpandisha. Nyar inasema ametoka wapi. Min inasema amefika. Kwenye mighani, mke wa Luanda hafiki kamwe. Anakufa masikioni mwetu akiwa bado nyar.

Haya yangekuwa maneno ya darasani tu kama hadithi ingekaa darasani. Haikai. Mimi naishi Uriri, kati ya Awendo na mji wa Migori, kwenye barabara inayoshuka hadi Isebania na mpaka wa Tanzania. Watu wa Nairobi hudhani huku ni Wajaluo watupu. Zii. Kuna Waluhya wengi hapa, Wamaragoli hasa, walio na makaburi ya babu zao kwenye udongo huu. Kuna Wakisii, na ukiendelea kusini kuna Wakuria. Tunauziana mboga, tunasali pamoja, tunaoana. Mke aliyetoka nje huitwa nyar mwa, binti wa wageni, na siku za kawaida ni utani tu, yeye mwenyewe anaucheka.

Nilikuwa kwenye matanga mwaka jana, usiku wa kukesha. Marehemu alikuwa ameoa nyar mwa. Watu wa ukoo walikuwa wamekaa kando ya moto wakizungumzia shamba, na mtu akashauri mjane aitwe asikie. Mzee mmoja akatikisa kichwa. Akasema mambo ya shamba hayazungumzwi mbele ya kila mtu, sote tunajua Luanda aliuawa na nani. Watu wakacheka.

"Lakini jaduong'," kijana mmoja akasema, "huyu mama ana watoto watano hapa."

"Kwani mimi nimesema nini, nyathina?" mzee akajibu, kwa upole kabisa.

Na kweli, hakuwa amesema kitu. Hakuhitaji. Hadithi ilisema kwa niaba yake. Mwanamke aliyekuwa min kwa zaidi ya miaka ishirini, ambaye wakati huo huo alikuwa jikoni akiwapikia chai watu waliokuwa wanacheka, alirudishwa kuwa nyar kwa sentensi moja. Shamba lilijadiliwa bila yeye. Nikawaza, yule mzee alifanya uchambuzi wa mhusika. Alichukua mhusika, akampa sifa, akatoa mfano. Ni vile tu alama zilizokuwa zinagawanywa zilikuwa za ekari.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia fasihi simulizi ni ya zamani, ati tuiache ipumzike. Haipumziki. Uchaguzi ukikaribia utasikia tena habari za wanawake walioolewa ng'ambo, nani anampigia simu nani, nani anatoa siri za nyumba. Anayesema hivyo anaweza kuwa hajawahi kusoma kitabu maishani, lakini mighani anayo, na ameipokea pamoja na kivumishi chake.

Sidai Wajaluo waache kumlilia Luanda. Mimi pia nikifika kwenye kile kivuli kinachotoka damu, moyo unaniuma. Hadithi ya Kano ina haki ya kuomboleza mtu wa Kano. Sidai pia kila mwalimu abadilishe mada na kuanza kuwafundisha watoto kwamba shujaa ndiye mbaya na adui ndiye mzuri. Hilo ni kugeuza shati ndani nje na kuliita jipya.

Ninachotaka ni kidogo, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukifanya kwa kalamu ile ile. Ukiandika sifa ya mhusika, ongeza anayeiona. Jasiri, machoni pa Kano. Muuaji, machoni pa Lang'o. Kisha tafuta kwenye hadithi kitendo kimoja ambacho hakikubaliani na sifa uliyoandika, ukiandike chini yake, hata kama hujui cha kukifanyia. Kwa mke wa Luanda Magere kitendo hicho kipo wazi: mumewe alipokuwa mgonjwa na hakuna mwingine nyumbani, yeye ndiye aliyepaka dawa. Mtahini anaweza kukunyima alama mbili. Lakini siku utakapokuwa kando ya moto, na mtu aseme sote tunajua Luanda aliuawa na nani, utakuwa na jambo la kumuuliza.